Kuna Wenyewe: Safari ya Rapsu

Sisi watu wa pwani tuna usemi ambao mtoto huusikia kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Akikaribia gofu, au mbuyu mkongwe, au kisima kilichoachwa, mkubwa humshika mkono akamwambia kwa sauti ya chini: "Usende huko. Kuna wenyewe." Mtoto haulizi wenyewe ni nani, wala mkubwa hamwelezi. Sote twajua, au twadhani twajua, kuwa wanaokusudiwa ni majini na mizuka, wale wasiotajwa baada ya Magharibi. Mtoto hurudi nyuma, mkubwa huridhika, na gofu hubaki na siri yake.

Mimi nimelelewa na usemi huo, na wanangu nimewalea nao. Imenilazimu kufika Rapsu, katika Kaunti ya Isiolo, mbali kabisa na bahari na mikoko, ndipo nikapata kuuelewa. Nimeona niwaandikie ndugu zangu, na hasa mama na dada zetu ambao ndio wasimulizi wa kwanza wa kila nyumba, kisa cha safari hiyo kama kilivyokuwa, pamoja na kosa nililokaribia kulifanya.

Aliyeniita ni kijana wa Kiborana aliyewahi kusoma kwetu, kisha akarudi kwao akawa mwalimu wa chuo. Alinipigia simu akanieleza kuwa watoto wamezidi nafasi, na wazazi wamekubaliana kujenga chumba cha pili. Kiwanja kipo, nyuma ya chuo, kitupu. Ila hakuna anayekubali kukichimba. Watu wanasema mahali hapo pana ekera, na hilo ndilo neno la Kiborana la mzuka wa mtu aliyekufa. Fundi wa kwanza alikuja akapima, akaondoka, hakurudi. Wa pili alitaka alipwe fedha zote kabla ya kuinua sururu. "Sheikh wangu," akaniambia, "watu wa huku wanaitakidi kuwa masheikh wa pwani wana elimu ya mambo haya. Njoo utusomee, tupate kujenga."

Nakiri kuwa maneno hayo yalinifurahisha kuliko ilivyostahili. Nikafunga kanzu mbili na msahafu, nikapanda basi la usiku.

Kutoka Nairobi barabara hupanda hadi ubavuni mwa Mlima Kenya, penye baridi na mashamba ya ngano, kisha huteremka kuingia Isiolo, na msafiri huhisi joto likimrudia usoni kana kwamba amefika pwani isiyo na bahari. Isiolo ni mji wa njia panda. Askari wa Kisomali waliopigana katika jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya kwanza vya dunia walipewa makazi hapo, na Waborana, Wameru, Waturkana na Wasamburu kila mmoja ana sehemu yake. Niliswali Adhuhuri mjini. Kabla ya iqama nilisikia lugha nne katika safu moja, na baada ya iqama tukawa na lugha moja.

Hapo tukashika njia ya mashariki. Tulipita Kula Mawe, mji wenye jina la Kiswahili lisilohitaji kufasiriwa, kisha tukaelekea Kinna, na mwisho Rapsu. Vilima vya Nyambene vilionekana kwa mbali vikiwa samawati, na mbele yetu ilikuwa nyika ya miiba, vumbi jekundu na mbuzi waliokuwa wakitafuta kivuli kama wanadamu. Rapsu si kijiji kikubwa. Jirani yake ni Mbuga ya Taifa ya Meru, na ndovu hawaulizi mpaka umepita wapi. Lakini kuna mfereji wa maji, na penye mfereji pana mashamba: mahindi, vitunguu, kijani kibichi katikati ya ukavu. Nilistaajabu. Waborana ni wafugaji tangu jadi. Mtu kwao huhesabiwa kwa ng'ombe na ngamia wake. Nikamwuliza mwanafunzi wangu ni nani aliyewafundisha jembe. Akanijibu, "Njaa, sheikh." Nikacheka, nikidhani amefanya mzaha.

Waborana huamkiana kwa neno nagaa, maana yake amani, na hilo ni ndugu wa salamu yetu. Baada ya Isha tuliketi mkekani, tukaletewa chai iliyojaa maziwa, na hadithi zikaanza, kama zianzavyo popote penye giza na chai. Mzee mmoja alisimulia kuwa usiku usio na mwezi husikika kengele za ngamia zikipita nyuma ya chuo, kundi zima, na kukipambazuka hapana hata alama ya unyayo mmoja. Mwengine akasema mama mmoja alikuwa akirudi kutoka mferejini jioni, akasikia kilio cha mtoto mchanga, akadhani ni wake ameachwa nje. Alipokifuata, kilio kikahamia mbele yake, kisha kikawa nyuma yake, kisha kikanyamaza. Vijana wakaongeza kuwa hata mbwa hukizunguka kiwanja kile.

Nami sikutaka pwani ionekane haina lake. Nikawasimulia Gede.

Nikawaambia kuwa karibu na Malindi, ndani ya msitu, umo mji wa mawe ulioachwa. Umezungukwa na ukuta. Una msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba zenye vyoo na visima, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399 ya Miladi. Wenyeji wake walikuwa Waislamu, wakila katika vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka Uchina. Ulistawi kwa karne kadhaa, na mapema katika karne ya 17 ukahamwa, mizizi ya miti ikashika kazi ya kubomoa. Ajabu ni kuwa Wareno walikaa Malindi miaka mingi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na hawakuutaja katika maandishi yao. Jirani zetu Wamijikenda wamelihesabu gofu hilo kuwa mahali pa mizimu, pa kuingiwa kwa heshima, na wapo wanaosema kuwa roho za masheikh wa kale hulilinda na kumwadhibu mharibifu. James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kufukua huko mwaka 1948, mtu wa vipimo na madaftari, yeye mwenyewe aliandika kuwa siku za mwanzo alihisi kama kuna anayemtazama nyuma ya kuta. Mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, na watalii bado huulizia mizuka kabla ya kuulizia msikiti.

"Na kwa nini watu wake walihama?" akauliza mzee wa kengele.

Nikamweleza yanayotajwa na wataalamu. Visima vilivyochimbwa tena vikaenda chini zaidi, dalili kuwa maji yalikuwa yakikimbia. Kulikuwa na vita na misukosuko ya Wazimba katika mwaka 1589. Kisha nikasita, maana sababu ya tatu ilikuwa imeketi mbele yangu ikinimiminia chai. Vitabu vyetu na bibi zetu husema kuwa miji ya bara ilivunjwa na Wagalla. Na hao waitwao Wagalla, jina wasilolipenda, ni Waoromo, ambao Waborana ni tawi lao. Hata jina la Gede huelezwa kuwa ni neno lao, lenye maana ya kitu cha thamani. Mji wenyewe yasemekana zamani uliitwa Kilimani.

Mzee alipofasiriwa alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Basi mizuka yenu ni sisi!" akasema. Tukacheka sote. Lakini moyoni nilihisi haya kidogo. Katika ngano za utotoni mwangu Mgalla hakuwa mtu. Alikuwa kitisho cha kumlazia mtoto, pamoja na zimwi. Na sasa nimeswali nyuma ya mmoja wao, na tajwidi yake ni nzuri kuliko ya wengi wetu.

Usiku ule ule nilikwenda kiwanjani na taa. Watu walisimama mbali. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikasoma Falaq na Nas, nikaomba dua, na nikawageukia kwa sauti ya mtu mwenye yakini: "Kesho chimbeni. Hapana kitu hapa."

Asubuhi nilipotoka, fundi alikuwa amesimama na sururu yake begani, watu wamemzunguka, na hakuna anayechimba. Katikati ya kiwanja alikuwa ameketi bibi mmoja mkongwe, fimbo magotini, mtandio umefunika nusu ya uso. Hakuinuka nilipomkaribia. Alisema, na mwanafunzi wangu akafasiri:

"Wewe ndiye uliyesema hapa hapana kitu?"

"Ndimi, mama."

"Ulimwuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Niliketi chini mbele yake, kwa kuwa hapakuwa na la heshima zaidi la kufanya, na yeye akaanza kusema.

Ili maneno yake yaeleweke, ni lazima niyatangulize ya historia. Kabla ya uhuru, nchi hizi za kaskazini zilitawaliwa mbali na sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 1962 tume ilipita kuuliza watu wanataka nini, na wengi wa wakazi wa mashariki ya eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Hawakupewa. Juni 1963 Daudi Dabaso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, na Haji Galma Dido, chifu mkubwa wa Waborana, waliuawa pamoja karibu na Modogashe. Desemba mwaka huo, wiki mbili tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, ikatangazwa hali ya hatari, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikadumu hadi 1967, suluhu ilipofanywa Arusha kwa usimamizi wa Rais Kaunda wa Zambia. Wapiganaji waliua raia, na majeshi ya serikali yaliua raia. Mwaka 1966 amri ilitolewa watu wakusanywe katika kambi zilizozungushiwa ua, kama vile Garba Tula, Merti na Modogashe. Mifugo ikachukuliwa, ikapigwa risasi, au ikafa ndani ya ua kwa kukosa malisho. Wazee wa huku huuita wakati huo Gaf Daba, yaani siku za kusimamishwa, kwani mfugaji aliyezuiwa kuhama ni kama mto uliozuiwa kutiririka.

Vita vilipokwisha, watu waliokuwa matajiri wa ngamia hawakuwa na mnyama wa kukama. Ndipo wengine wakapewa makonde penye maji, wajifunze kulima. Rapsu ni mojawapo ya makazi hayo. "Njaa, sheikh," aliniambia kijana, nami nilicheka.

Bibi alisema: "Nilikuja hapa na watoto wawili, na kondoo hata mmoja sina. Hatukujua kulima. Tulipanda, ndovu wakala. Tulikunywa maji, watoto wakaharisha. Mwaka wa kwanza tulizika hapa. Si mimi peke yangu. Wakubwa walizikwa kule penye miti. Wadogo tuliwaleta hapa, kwa kuwa palikuwa karibu, na mama alitaka awe karibu. Baba zao waliwaswalia. Tuliweka mawe, tukaweka ua wa miiba. Mafuriko yakaja yakachukua mawe, mchwa wakala ua. Wenzangu, Mungu alipowapa mifugo tena, walihama, wengine wamekufa. Watu wapya wakaja, na watoto wao wakafanya hapa uwanja wa kuchezea. Nikawaambia wasikanyage makaburi, hawakunisikia. Mtoto haogopi kaburi asilokuwa na mtu wake ndani. Basi nikawaambia kuna ekera. Wakakimbia. Nikapumzika."

Akaigonga ardhi kwa fimbo, polepole. "Wanangu wote wawili wamo humu. Kila fundi aliyekuja aliuliza kuna nini. Hakuna aliyeuliza kuna nani."

Mwanafunzi wangu alipomaliza kufasiri hakuna aliyesema neno. Fundi aliishusha sururu begani akailaza chini, kwa utaratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa kijijini hapo, alikuwa hajui. Mzuka aliujua tangu utotoni, lakini makaburi hakuyajua.

Ndugu zangu, nimelifikiria jambo hili kwa mizani ya dini yetu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Majini wapo. Qur'ani imewataja, na sura nzima imepewa jina lao. Anayewakanusha amekanusha nassi. Lakini wao ni viumbe walioumbwa kumwabudu Mungu kama sisi, si roho za wafu wetu. Maiti yumo katika barzakh, ana shughuli yake na Mola wake. Harandi usiku kutafuta fundi wa kumtisha. Waarabu wa zama za ujahili waliamini kuwa aliyeuawa hutokwa kichwani na ndege aitwaye hama, akilia juu ya kaburi mpaka alipiziwe kisasi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha itikadi hiyo waziwazi. Kwa hivyo mzuka wa Rapsu haukuwepo, kama usivyokuwepo wa Gede.

Hata hivyo sikuweza kumlaumu bibi yule. Kwa miaka hamsini na zaidi hadithi yake ilifanya kazi ambayo ua wa miiba haukuiweza. Ila hadithi ina upungufu mmoja: humlinda aliyezikwa, na papo hapo humfuta. Watoto walikumbuka hofu, wakasahau majina. Na hofu ikishaachana na jina lake, huja mgeni mwenye kanzu safi akaisomea, akatangaza kuwa imeondoka, na watu wakapata ruhusa ya kuchimba mifupa ya watoto wachanga ili kujenga chuo cha Qur'ani. Lau bibi angekuwa mgonjwa asubuhi ile, hilo ndilo lingetokea, na kwa kauli yangu. Mtume ametufundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Namshukuru Mungu aliyempa kikongwe yule nguvu za kutembea.

Nilikumbuka pia hadithi ya yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alikufa, masahaba wakamzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba wameliona jambo lake dogo. Yeye alipomkosa aliuliza habari zake, na alipoambiwa hakuridhika mpaka akaonyeshwa kaburi lake, akamswalia. Kiumbe bora kuliko wote aliuliza kuna nani.

Tulifanya shauri pale pale. Chumba cha chuo kitajengwa upande wa pili, kwenye kipande ambacho mzazi mmoja alikitoa waqfu kabla jua halijakuwa kali. Vijana walikata miiba wakazungusha ua. Bibi alionyesha kwa fimbo, hapa, na hapa, na pale, na kila alipoonyesha likawekwa jiwe, bila kuyapandisha wala kuyajengea, kama sheria inavyotaka. Alitaja majina aliyoyakumbuka, na mwalimu akayaandika katika daftari la mahudhurio ya wanafunzi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Sikuswalisha swala ya jeneza, maana waliswaliwa siku zao. Tuliwapa salamu kama Mtume alivyotufundisha kuwasalimu watu wa makaburi, tukawaombea, watoto wa chuo wakaitikia amin. Nilitazama nyuso zao. Hakuna hata mmoja aliyeogopa.

Siku ya kuondoka, dereva alinionyesha upande wa mbuga akaniambia kuwa ndani humo, kando ya mto Ura, kuna kaburi la simba. Ni kweli. Ni Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, aliyekufa mwaka 1961. Kaburi lake lina jiwe lenye jina, na watu hutoka ng'ambo kulizuru. Filamu yake, yenye jina lenye maana ya aliyezaliwa huru, ilitolewa mwaka 1966, mwaka ule ule ambao watu wa Garba Tula walikuwa wakitiwa ndani ya ua. Simwonei husuda mnyama. Kumhurumia mnyama kuna thawabu. Lakini njia nzima hadi Isiolo nilihesabu moyoni: simba ana jiwe na jina, na watoto wa Waislamu walikuwa na mzuka tu.

Kisha wazo jingine likanijia, na hilo halikuniacha hata nilipofika nyumbani. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa yaliyotendwa katika vita vile. Sheria hiyo iliyataja maeneo yake: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Lamu, ndugu zangu. Vita vya Waborana vilikuwa vita vyetu pia. Vijiji vya Wabajuni vya bara ya kaskazini na visiwani vilihamwa miaka ile ile. Watu wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa na mashua moja na mkeka, na wengi hawakurudi tena. Mamangu ni mmoja wao. Nami, nilipokuwa kijana na tukipita na jahazi karibu na ufuo ule, nikiona kuta nyeupe kati ya minazi, nahodha aliniambia, "Huko hakukanyagwi. Kuna wenyewe." Niliamini. Miaka mingi baadaye niliwaonyesha wanangu kuta zile zile, nikawaambia maneno yale yale.

Nilipofika Mombasa nilimkuta mama juu ya mswala wake. Nikangoja amalize nyiradi zake. Nikamwuliza, "Mama, kule kwenu bara, magofuni, yasemwa kuna wenyewe. Wenyewe ni nani?"

Alinitazama kama aliyenisubiri nifike umri wa kuuliza.

"Wenyewe ni sisi, mwanangu. Ni nani mwengine?"

Akaanza kutaja. Nyumba ya kwanza ukitoka pwani ilikuwa ya fulani, mjenzi wa madau, na mkewe alikuwa mkunga. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa chuo aliyekuwa akichapa kwa upole. Kisima kilichimbwa na babu yake. Nyuma ya msikiti amezikwa dada yake, aliyekufa kabla hawajaondoka, ana miaka minne. Sikuwahi kusikia kuwa mamangu alikuwa na dada mdogo. Nilichukua kalamu. Hadi adhana ya Isha alikuwa ametaja nyumba kumi na saba.

Wapenzi wasomaji, si haramu kusimulia hadithi za usiku, wala sisemi magofu yafanyiwe mzaha. Mtume alipopita na masahaba zake penye makao ya Thamudi aliwaamrisha wasiingie ila wakilia. Hiyo ndiyo adabu ya kupita penye nyumba za waliotangulia. Kadhalika kuwaita watoto ndani jua linapotua ni Sunna, na mama anayefanya hivyo ametii, hana haja ya kuongeza zimwi. Lakini amekataza Mwislamu kumtia Mwislamu mwenziwe hofu, na mtoto ni Mwislamu. Basi tumfundishe Ayatul Kursiy badala ya kumfundisha kutetemeka. Na tukimwambia kuna wenyewe, tumalizie maneno: tumwambie ni nani, walikula nini, walihama kwa nini, na mbele ya kibla yupi wamelala. Kama hatujui, basi yumo nyumbani bibi anayejua. Hajasema kwa kuwa hajaulizwa.

Chumba cha chuo cha Rapsu kimeezekwa. Mwalimu amenitumia picha, na nyuma ya ukuta mpya waonekana ua wa miiba, umefumwa vizuri, na lango dogo la mti. Mwenyezi Mungu awarehemu walio ndani ya ua ule, na walio nyuma ya kuta zetu za bara, na atujaalie na sisi tupate watakaouliza habari zetu. Amin.